Hitilafu Iliyopokelewa kwa Heshima Zote

Ipo nchi moja, msinilazimishe kutaja iliko, ambayo kwa miaka thelathini na saba hakijaharibika kitu. Inaitwa Jamhuri ya Tengamano. Huko daraja halivunjiki, daraja hujipumzisha. Umeme haukatiki, umeme hutafakari. Daraja la Ruhemba lilipojipumzisha likiwa na lori la saruji na ng'ombe kumi na wanane juu yake, redio ya taifa iliwapongeza wananchi kwa kupata kivuko kipya cha miguu, maana lori lilikuwa limeziba maji na watu waliweza kupita juu ya mifuko. Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na tisa. Waliosahau ni wengi, na baadhi yao wanalipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Sasa nchi yenye afya namna hiyo, mtu wa kawaida angejiuliza, mfumo wa kufuatilia hitilafu ni wa nini? Ndiyo maana mtu wa kawaida hapewi uwaziri. Mheshimiwa Balthazari Ng'humbi, Waziri wa Mitambo, Mawimbi na Maono, alikuwa amekwenda ng'ambo kwa ziara ya mafunzo, siku nne za mafunzo na siku kumi na moja za ziara, na huko akaoneshwa ukuta mzima wa skrini. Skrini zilijaa vidoti vya kijani. Akaambiwa kila kidoti ni mtambo mmoja ulioko mahali fulani, na kijani maana yake mtambo ni mzima. Mheshimiwa alisimama mbele ya ukuta ule kama mtu aliyefunguliwa dirisha la peponi. Aliporudi, aliteremka kwenye ndege na kauli moja: "Nataka kijani."

Hakuuliza kama kuna rangi nyingine.

*

Kazi ikashushwa. Waziri akamshushia Katibu Mkuu, Katibu Mkuu akawashushia wakurugenzi, na kila aliyeipokea aliongeza saini na kupunguza maelezo, mpaka ikamfikia Zakayo Mndolwa, fundi wa daraja la mwisho, mtu wa miaka arobaini na moja, mwembamba, mwenye mkoba wa bisibisi na barua moja ya onyo. Chini ya Zakayo hapakuwa na mtu wa kumshushia. Kwa hiyo akaifanya.

Alipewa chumba kilichokuwa kikihifadhi picha za mawaziri waliopita. Akaziegemeza ukutani, nyuso zikiangalia ukuta ili zisipate vumbi, akaweka seva yake mezani na pangaboi mbele yake. Kwa wiki sita alikuwa akipanda dari na kuvuta waya. Jinsi mfumo ule ulivyofanya kazi hata mimi nilielewa. Kila baada ya dakika tano seva inaita kila mtambo wa serikali, mmoja mmoja, na kuuliza: Upo? Mtambo unajibu: Nipo. Ukiitwa mara tatu ukanyamaza, kidoti chake kinageuka chekundu, na seva inatuma ujumbe kwenye simu ya mhusika. Mitambo mingine inaulizwa zaidi. Jokofu, kwa mfano, linaulizwa na joto lake.

Jokofu lililomnyima Zakayo usingizi lilikuwa la hospitali ya Kilindimo, kilomita arobaini kutoka mji mkuu. Ndani yake mlikuwa na dozi elfu tisa za chanjo ya surua, na chanjo hizo hutakiwa zikae kati ya nyuzi mbili na nyuzi nane. Mwezi uliotangulia surua ilikuwa imepita vijiji vitatu vya wilaya hiyo na kuondoka na watoto kumi na mmoja. Redio haikulisema hilo, lakini makaburi ya watoto ni mafupi, hayahitaji redio. Kliniki kubwa ilikuwa imepangwa Jumamosi, na mwenye ufunguo wa jokofu alikuwa muuguzi mmoja aitwaye Sikudhani Mbonde.

"Kaka Zakayo," Sikudhani alimwambia kwenye simu, "mimi hizo doti zako sizijui. Nina hili kabati la baridi, na Jumamosi nina akina mama. Likipita nane, mimi na wewe tutatazamana vibaya."

"Likifika nane na nusu, dada, simu yangu inalia. Haipiti dakika."

"Na ukiwa umelala?"

"Nalala nayo."

"Mkeo anajua?"

"Yeye ndiye anayeisikia kwanza."

Sikudhani akacheka, akakata simu, akaenda kupangusa mlango wa jokofu kama mtu anayepangusa uso wa mtoto.

*

Siku tatu kabla ya uzinduzi, Zakayo aliitwa na Mkurugenzi wa Itifaki, Mzee Kanuti Lihaya.

Huyu Lihaya si mgeni. Ndiye aliyekuwa mlangoni pa kituo cha zimamoto mwaka lilipowaka soko la Kariati. Gari jipya la kuzimia moto lilikuwepo, maji tele, askari wamevaa kofia. Lihaya akalizuia getini kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu gari lilikuwa halijazinduliwa na mgeni rasmi. Soko likateketea lote, na gari likazinduliwa wiki iliyofuata, likiwa safi kabisa. Akapandishwa cheo. Watu wamesahau, gazeti la siku ile ninalo.

Basi Lihaya alikuwa na karatasi mkononi. Akasoma taratibu: "Orodha ya Wapokea Taarifa za Hitilafu. Namba moja: Zakayo Mndolwa." Akavua miwani. "Ndugu Mndolwa, wewe na Waziri mna undugu?"

"Hapana, mzee."

"Umeoa kwao?"

"Nimeoa kwa fundi mwashi, mzee."

"Sasa hii namba moja umeipataje?"

"Ni kwa sababu mimi ndiye ninayetengeneza."

"Aa. Kwa hiyo jambo la nchi ulijue kwanza wewe, wa bisibisi, halafu Mheshimiwa alisikie kwako, kama umbea wa kwenye bomba la maji."

Katika Tengamano, orodha yoyote huanza na mkubwa. Orodha ya wageni, ya waliochangia harusi, hata ya waliokunywa maji ya kisima kile chenye kipindupindu, ilianza na Mkuu wa Mkoa ingawa yeye hakunywa. Ni desturi, na haina mjadala. Lihaya akachukua kalamu akaipanga upya orodha ya Zakayo. Namba moja Waziri. Wakafuata manaibu wawili, Katibu Mkuu, washauri, wakurugenzi kwa tarehe za kuteuliwa, mwenyekiti wa bodi, mjane wa waziri wa kwanza, na Mpambaji Mkuu wa Kumbi.

"Mjane naye atengeneze nini, mzee?"

"Hatengenezi. Akirukwa analia."

Zakayo akawa namba arobaini na moja. Akajaribu kueleza, kwa heshima, kwamba mfumo una njia: mpokeaji asipobonyeza Nimepokea ndani ya robo saa, ujumbe unakwenda kwa anayefuata.

"Yaani Mheshimiwa akichelewa, anarukwa?"

"Harukwi, mzee. Unashuka tu."

"Kumshuka Waziri bila ruhusa ndiko kumruka. Andika hivi: ujumbe usishuke mpaka aliye juu amebonyeza."

"Na kama Mheshimiwa amelala?"

"Hitilafu isubiri. Nyinyi mafundi mna haraka, utadhani vitu vinaharibika." Akavaa miwani, akapekua ukurasa wa pili. "Na hii seva yako. Inaiita mitambo ya Ikulu, inauliza 'Upo?' kavukavu hivyo? Yenyewe mtambo wa juzi tu?"

Zakayo akaongeza shikamoo. Tangu siku hiyo seva ikawa inaiamkia mitambo ya Ikulu kwanza na kungoja marahaba, na kwa vile mmoja wao ulikuwa umezimwa tangu utawala uliopita, ilibidi pia aandike kwamba asiyeitikia shikamoo ahesabiwe ameitikia moyoni.

Hayo yote aliyaandika kama alivyoambiwa. Msimcheke. Ana watoto watatu.

*

Alhamisi, saa tatu asubuhi, ukumbi ulijaa. Skrini kubwa ilitundikwa mbele, vidoti mia tatu na kumi na viwili, vyote kijani kama shamba la mpunga. Zakayo hakuwa na kiti. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya pazia akishikilia waya wa skrini, ambao kichwa chake kilikuwa kimelegea: akiuachia, picha inapotea.

Mheshimiwa Ng'humbi akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi," alisema, "zamani serikali ilikuwa ikisema mambo ni shwari bila ushahidi. Maadui wakatucheka. Leo tunao ushahidi, na ushahidi wenyewe ni wa kijani. Nchi nyingine zina macho ya kuona nje. Sisi, kwa unyenyekevu, tumenunua jicho la kujitazama na kuridhika."

Makofi. Saa nne na dakika kumi, huko Kilindimo, umeme ukatafakari. Jenereta ya hospitali, ambayo ilipaswa kuamka yenyewe, haikuamka. Baada ya muda kidoti kimoja upande wa kushoto wa skrini kikageuka chekundu.

Lihaya alikiona kabla ya kamera. Hakukurupuka, watu wa itifaki hawakurupuki. Alimwinamia Mkuu wa Wilaya ya Kilindimo, aliyekuwa safu ya mbele, mtu mwenye mabega ya mlango, akamnong'oneza. Mkuu wa Wilaya akainuka, akaenda kusimama mbele ya kidoti kile, mikono nyuma, akitabasamu. Alifaa kuliko mtu mwingine yeyote, maana wilaya ni yake.

Wakati huohuo simu ya Waziri ikatetemeka mfukoni. Halafu tena. Kila dakika tano inatetemeka. Mheshimiwa akaitoa katikati ya hotuba. Havai miwani mbele ya kamera, kwa hiyo aliona neno moja lililoandikwa kwa herufi kubwa, KILINDIMO, mengine ukungu. Akampa msaidizi wake. Msaidizi akasoma: JOKOFU KILINDIMO NYUZI 9. Akautazama uso wa bosi wake, uso uliokuwa ukingoja jambo la kupendeza, na kijana wa watu ana rehani ya nyumba.

"Wanasemaje?" akauliza Mheshimiwa.

"Wanasema Kilindimo inapanda, Mheshimiwa."

"Mmesikia?" Waziri akawageukia wananchi. "Hata nusu saa haijapita, Kilindimo wananitumia salamu. Ujumbe juu ya ujumbe. Wilaya nyingine mko wapi?"

Wakuu wa wilaya nyingine wakainamisha vichwa kwa aibu ya kutoharibikiwa.

Zakayo, nyuma ya pazia, alikuwa amekiona kidoti kabla hakijapata ukuta wa mabega. Simu yake ilikuwa kimya kama alivyoiamuru. Kando yake alisimama Mpambaji Mkuu wa Kumbi na vitambaa vyake. "Dada, shika hapa," Zakayo akamwambia, akimkabidhi waya. "Usiuachie mpaka waimbe wimbo wa taifa."

Akatoka nje akapiga simu.

"Dada Sikudhani, jokofu lako limefika tisa."

"Nipo nalo, nimeegemea mlango wake. Kumbe hamjui? Nilidhani mfumo wenu unatoa taarifa."

"Umetoa. Aliyepewa hajui kwamba anajua."

"Basi njoo wewe."

*

Alifika saa sita kasoro kwa pikipiki ya kukodi. Sikudhani alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye mlango wa jokofu, miguu ameinyoosha.

"Nani amefungua?" Zakayo akauliza.

"Hakuna. Mganga Mkuu alikuja kutaka maji yake ya kunywa, nikamwambia apite juu yangu."

Jenereta ilikuwa nzima ila betri ya kuiwashia ilikuwa imekufa zamani sana, na mahali pa kuandika tarehe ya ukaguzi palikuwa na saini nzuri za miaka mitatu. Uani palikuwa na gari la wagonjwa lililokaa juu ya matofali, halina hata tairi, lakini betri yake ilikuwa na nguvu kama fahali, kwa sababu dereva huitumia kusikilizia mpira. Zakayo akaifungua. Dereva akapinga kidogo, kulikuwa na mechi, kisha akamtazama Sikudhani usoni akaenda mwenyewe kutafuta spana.

Saa saba na nusu jokofu lilikuwa limerudi nyuzi tano. Juu kabisa lilikuwa limegusa kumi. Sikudhani akatoa chupa moja, akaigeuza kwenye mwanga. Chanjo zina alama ndogo inayobadilika rangi zikipata joto kupita kiasi. "Bado nyeupe," akasema. "Zimepona. Unakula ugali, au nyinyi wa wizarani mnakula kijani?"

Wakala. Ningependa kuwaambia hadithi iliishia hapo, lakini nchi hii naijua.

*

Ijumaa asubuhi Zakayo alipokelewa na kamati ya watu saba. Mwenyekiti alikuwa Katibu Mkuu mwenyewe, Bi. Eufrasia Chiwinga, na pembeni yake Lihaya na karatasi zake.

"Kumbukumbu za seva," akaanza Bi. Chiwinga, "zinaonesha hitilafu ilianza saa nne na dakika kumi, ikaisha saa saba na nusu. Katika muda huo hakuna aliyeipokea. Sasa wewe ulitengeneza nini?"

"Jenereta, mama."

"Kwa taarifa ya nani?"

"Niliona nyekundu."

"Ukiwa namba ngapi?" akauliza Lihaya.

"Arobaini na moja."

"Na namba moja alikuwa bado hajaipokea. Kwa hiyo ilikuwa haipo."

"Ilikuwepo, mzee. Ilikuwa nyuzi kumi."

"Ilikuwa inakaribia kuwepo. Ukaiwahi."

Kosa likapewa jina: kutengeneza hitilafu isiyotambuliwa. Lakini kamati ilikuwa na tatizo kubwa kuliko Zakayo. Kumbukumbu zilionesha pia kwamba Mheshimiwa Waziri aliletewa ujumbe mara arobaini kuhusu jokofu la watoto, asibonyeze chochote.

"Hakunyamaza," Lihaya akatetea. "Aliishukuru wilaya."

"Seva haikuandika shukrani," akasema Bi. Chiwinga. "Wafadhili wanakuja mwezi ujao kuisoma. Futa, Mndolwa."

"Haifutiki, mama. Mheshimiwa mwenyewe aliagiza kwamba historia ya mfumo huu isifutike."

Ndipo Lihaya akapata wazo, na nakiri kwamba katika miaka yote ya kumfuatilia sijaona wazo lake lililonyooka kama hilo. Kama hitilafu haifutiki, irudiwe. Jokofu lizimwe tena, safari hii kwa utaratibu. Mheshimiwa aipokee mbele ya wananchi, ishuke ngazi zote arobaini, imfikie Mndolwa, ndipo Mndolwa atengeneze. Ile ya jana itaandikwa kwamba ilikuwa mazoezi.

"Leo saa nane," akasema Bi. Chiwinga. "Hukohuko Kilindimo."

"Mama, na chanjo?"

"Chanjo zimo kwenye utaratibu," akajibu Lihaya.

"Zimo kwenye jokofu, mzee."

"Usibishane na kikao, Ndugu Mndolwa." Akamkabidhi barua. Ilikuwa ya kusimamishwa kazi, kuanzia saa kumi na mbili jioni ya siku hiyo, baada ya kumaliza kutengeneza.

Zakayo alisoma barua akishuka ngazi, akaikunja, akapiga simu.

"Dada, wanakuja kulizima."

"Wangapi?"

"Arobaini. Na kwaya."

"Kuzima jokofu moja."

"Ndiyo."

"Haya," akasema Sikudhani. "Wewe njoo nao taratibu. Mwambie dereva kuna barabara ya kuja kwetu inayomfaa Waziri, yenye mandhari."

*

Msafara uliipitia ile barabara yenye mandhari, ukachelewa saa moja. Kwa muda huo Sikudhani alikuwa amejaza chanjo kwenye masanduku ya baridi ya kliniki za vijijini, akayapandisha kwenye mkokoteni, na kuvuka nayo barabara hadi duka la vinywaji la Hemedi Kiroka, mwenye friji kubwa ya kioo.

"Shemeji, toa soda zako zote."

"Zitapata moto, shemeji. Wateja wangu unawajua."

"Hakuna mtoto aliyekufa kwa soda ya moto."

"Si watoto ninaowaogopa," akasema Hemedi, lakini tayari alikuwa anatoa kreti. Sikudhani akaning'iniza kipimajoto ndani, akakaa akikitazama mpaka kikatulia kwenye tano, akafunga friji kwa kufuli lake mwenyewe.

Ikabaki shida ndogo. Jokofu tupu lingeleta maswali, na maswali huleta kamati. Jirani na hospitali kuna mama auzaye barafu za rozela, zile nyekundu za kwenye vifuko virefu vya nailoni. Sikudhani akanunua ndoo tatu.

Saa tisa Mheshimiwa Ng'humbi alifika. Zulia la buluu lilitandikwa kutoka kwenye gari hadi mlangoni pa jokofu. Akakata utepe, akakata na umeme wa jokofu. Wote wakasimama kungoja jokofu lipate joto, kwa ukimya, kama watu wanaongoja mwezi uandame. Simu ikatetemeka. Safari hii msaidizi alikuwa na miwani ya bosi mkononi. Mheshimiwa akasoma, akainua uso.

"Nimepokea," akasema, na kubonyeza.

Makofi, kwaya, vigelegele vya kukodi. Hitilafu ikaanza kushuka. Naibu wa kwanza akapokea, akasema machache. Naibu wa pili, ambaye hampendi wa kwanza, akasema mengi. Kila aliyefikiwa aliomba nafasi ya kumshukuru aliyemshushia. Mjane wa waziri wa kwanza alipokea akalia hivyohivyo. Jua lilikuwa kali, kile chumba cha bati kilikuwa kinavuma kama chungu, na hitilafu ikiwa bado kwa mkurugenzi wa kumi na nne, kitu chekundu kikatokea chini ya mlango wa jokofu, kikatambaa juu ya zulia la buluu kuelekea viatu vya Waziri.

Wote wakakitazama.

"Hiki ni nini?" akauliza Mheshimiwa.

Bi. Chiwinga akamtazama Lihaya. Lihaya akamtazama Zakayo. Zakayo akatazama juu.

"Ni data, Mheshimiwa," akasema Lihaya. "Ikizidi, hufurika."

Mheshimiwa akainama. Ni mtu mdadisi, hilo siwezi kumnyima. Akachovya kidole, akanusa, akaonja. Kikundi kizima kikamtazama mdomoni.

"Tamu," akasema.

"Ni ya nyumbani, Mheshimiwa," akasema Lihaya.

Gazeti la serikali la kesho yake liliandika kwa herufi kubwa kwamba data ya Tengamano ina ladha kuliko ya nchi jirani. Hilo nalo nimelikata na kulihifadhi.

Saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini hitilafu ilimfikia namba arobaini na moja. Zakayo akabonyeza Nimepokea, akapiga hatua tatu, akawasha swichi. Kidoti kikarudi kijani, na huko mjini Mkuu wa Wilaya, aliyesimamishwa tena mbele ya skrini, akaruhusiwa kuketi. Zakayo akabakiwa na dakika ishirini za ajira. Akazitumia kukunja waya.

Ila kabla msafara haujaondoka, Afisa Takwimu, Ndugu Protasi Lyimbo, alisoma kumbukumbu za seva na kuinua mkono. Jokofu, kwa mujibu wa mfumo, lilikuwa limekaa juu ya nyuzi nane kwa muda wa saa mbili, na kufika nyuzi kumi na sita. Kwa hiyo chanjo zote zilizokuwemo zimeharibika. Akaandika, akagonga muhuri: dozi elfu tisa, hakuna iliyobaki.

Mheshimiwa alifurahi sana. Katika historia ya nchi, alisema, hii ni mara ya kwanza serikali kujua kwa hakika, hadi dozi ya mwisho, ni kiasi gani imepoteza. Huo ndio ukomavu.

*

Jumamosi akina mama walianza kujipanga saa kumi na mbili asubuhi. Foleni ilitoka mlangoni pa hospitali, ikavuka barabara na kuzunguka duka la Hemedi, ambaye aliuza soda za moto kwa bei ileile na hakusikia lalamiko hata moja. Zakayo, mtu asiye na kazi, alikuwa akibeba masanduku ya baridi kutoka kwenye friji ya kioo kumpelekea Sikudhani, na Sikudhani alichoma: bega, pamba, anayefuata. Bega, pamba, anayefuata.

Saa tatu Ndugu Lyimbo alishuka kwenye gari la wizara akiwa na barua. Aliingia, akasimama kando ya meza, akakohoa kidogo.

"Muuguzi Mbonde, naomba usimamishe zoezi."

"Kwa nini, baba?" akauliza Sikudhani bila kuinua kichwa. Bega, pamba.

"Hizo dozi hazipo. Zilishaharibika jana, mbele ya Waziri. Ripoti imekwenda. Ninyi hapa, kwa mujibu wa takwimu, hamchomi kitu."

"Anayefuata," akasema Sikudhani.

Aliyefuata alikuwa Bi. Siwema, mama wa Kijiji cha Ndundu, mmoja wa vile vijiji vitatu. Mwezi uliopita alikuwa na watoto wawili. Alimpakata aliyebaki, akamfunua bega, Sikudhani akachoma. Mtoto akavuta pumzi ndefu, akaiachia kwa kilio kilichojaza chumba chote.

Lyimbo akangoja kinyamaze, hakikunyamaza, ikabidi apaze sauti. "Mama, nisikilize. Huyu mtoto wako nitamwandika kuwa hajachanjwa. Chanjo haipo. Umenielewa?"

Bi. Siwema akamweka mtoto begani, akampapasa mgongo, akamtazama yule bwana na barua yake kwa muda.

"Kama haipo," akasema, "huyu analilia nini?"